Kwa hiyo siku hizi penalti inapigiwa kura uwanjani?

Wadau, hasira ya jana haijaniisha, kwa hivyo mnivumilie. Na kabla mtu hajanijia na "kubali mmepigwa": tumepigwa, nimekubali, moja bila, na bao lenyewe halali kabisa. Kipa wetu aliutema mpira, straika wao akaukuta mdomoni mwa goli. Sina neno na bao. Neno langu ni dakika ya 71.

Timu sizitaji. Nikizitaja tu mtaanza kutukanana kwa rangi za jezi na refa atakuwa amepona. Uwanja ni mmoja wa hivi vyetu vya Eastlands ambapo ukikaa upande wa jua unasikia mpaka matusi wanayonong'onezana wachezaji wakisubiri kona. Nilikuwa safu ya pili kutoka kwenye uzio, nyuma kabisa ya mshika kibendera, karibu kiasi cha kuona lebo ya fulana yake ikiwa imetokeza nje shingoni.

Winga wetu akaingia kisandukuni, akapiga krosi, beki wao akaunyooshea mpira mkono. Mkono juu, mbali na mwili, kama mtu anayesimamisha matatu Jogoo Road. Refa akapuliza, akaonyesha penye alama ya penalti. Mshika kibendera hakusita. Alishaanza kukimbia kwenda kusimama pale mstari wa goli unapokutana na wa kisanduku, mahali pake penalti inapopigwa. Kumbukeni hilo la kukimbia.

Halafu wakaja. Niliwahesabu, sita. Hawakuanza na refa wa kati, ni wajanja. Walimfuata huyu wa pembeni, kijana mdogo, wakambana kwenye uzio mpaka kibendera kikabaki kifuani pake kama mwavuli uliokunjwa. Mmoja alimwekea kidole karibu na jicho. Kocha wao naye akaliacha eneo lake, akatembea mpaka huku kwetu kama anayekwenda dukani. Refa wa kati akaja, akawasukuma wawili kwa mgongo wa mkono, akanong'onezana na mwenzake wakiwa wamefunika midomo. Akageuka. Kona.

Kona!

Kadi ngapi kwa wale sita? Sufuri. Nahodha wetu ndiye aliyekwenda kuuliza, peke yake, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akala njano. Na njano hiyo ndiyo inayomkosesha mechi ijayo. Hapo chupa ya maji ikapita juu ya kichwa changu ikatua miguuni pa mshika kibendera. Ilitoka upande wetu, nitalirudia hilo. Muuza karanga aliyekuwa akinipimia akasimamisha kijiko hewani: "Mzee, si wamepiga kura? Sita kwa mmoja, wamepita."

Sasa msinifundishe sheria, hii naijua. Refa anaruhusiwa kubadilisha uamuzi wake mradi mchezo haujaanza tena, akigundua mwenyewe kuwa amekosea au akishauriwa na mwamuzi mwenzake. Sawa. Sasa mwenzake alimshauri nini, wakati mguu wake ulishasema penalti kabla hajaguswa na mtu? Kati ya zile mbio zake na ile kona hakuna kipya kilichotokea isipokuwa watu sita na kidole kimoja.

Na haikuanzia hapo. Kipindi cha kwanza kiungo wetu aliteleza miguu miwili, soli juu, akamvaa mtu kwenye muundi. Nyekundu ya moja kwa moja. Mlio niliusikia nilipokaa. Halali yake, hata mamake angempa. Kipindi cha pili, dakika ya 58, beki wao akafanya vilevile kwa winga wetu. Soli juu, muundi, mlio. Njano. Sheria ya 12 ina ngazi tatu ambazo hata mtoto anaweza kuzikariri: ukicheza kizembe ni faulo tu, ukicheza bila kujali mwenzako atapatwa na nini ni njano, ukitumia nguvu kupita kiasi au ukihatarisha usalama wake ni nyekundu. Nionyesheni mahali palipoandikwa ngazi ya nne, ya mwenye kocha anayefoka. Mimi sitaki refa mkali wala mpole. Akisema soli juu ni njano, basi iwe njano kwetu na kwao, vijana watanunua vikinga miguu vinene na maisha yataendelea. Kinachoniua ni bei kubadilika kati ya mteja na mteja, kama nyanya za Marikiti.

Mnajua kadi hizi zilizaliwa wapi? Kombe la Dunia la 1966, Uingereza na Argentina, nahodha wa Argentina Antonio Rattín alitolewa na refa Mjerumani wasiyeelewana lugha, akagoma kutoka, mechi ikasimama dakika nyingi. Ken Aston, mwamuzi Mwingereza aliyekuwa akisimamia marefa wa mashindano yale, alikuwa akiendesha gari London akiwaza sakata hizo, taa za barabarani zikamsimamisha, akapata wazo: njano punguza, nyekundu simama. Mexico 1970 kadi zikaanza kutumika. Kwa hiyo mama wa kadi ni taa za barabarani. Haya, taa za barabarani za Nairobi zinamtisha nani? Nyekundu inawaka pale mzunguko wa Haile Selassie, matatu inapita, bodaboda inapita, mpaka askari wa trafiki asimame katikati anyooshe mkono wake mwenyewe. Labda tulirithi kadi pamoja na tabia.

Kuhusu hili la kumzunguka refa, dawa ipo na wala si ya bei. Kwenye Euro 2024 kule Ujerumani UEFA, wakubwa wa soka la Ulaya, walisema nahodha peke yake ndiye wa kumwendea refa kuuliza. Mwingine akijipeleka, njano. Nahodha akiwa kipa, timu inachagua mchezaji mmoja wa ndani. Basi. IFAB, wenye sheria za soka tangu 1886, wakatoa mwongozo huohuo kwa ligi yoyote inayoutaka. Hauhitaji kamera, hauhitaji stima, unahitaji refa mwenye kadi mfukoni na moyo kifuani. Jana ungetumika, wale sita wangekula njano sita, na nahodha wetu, mtu pekee aliyefanya kama mwongozo unavyosema, angejibiwa swali lake.

Yule kocha mtembezi je? Tangu 2019 benchi la ufundi linaonyeshwa kadi kama wachezaji. Refa wa nne ndiye wa kumripoti. Alikuwa akimtuliza kocha wetu, ambaye alikuwa ameketi.

Najua kuna mtu tayari anaandika "tuletewe VAR", yule refa wa video. Tulishaionja Agosti 2025 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, pale Kasarani. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walibaki wachezaji kumi dhidi ya Angola, wakabaki kumi tena dhidi ya Morocco siku tatu baadaye, kipindi kizima cha pili. Tulilia, tukanyamaza, vijana wakapambana, Morocco wakaondoka wamefungwa moja bila, bao la Ryan Ogam. Sikuona mtu akimbana refa kwenye uzio. Kwa hiyo wachezaji wetu wanaweza kujizuia pale wanapojua kujizuia kuna faida. Lakini VAR yenyewe si malaika: Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool alinyimwa bao halali dhidi ya Tottenham kwa sababu chumba cha video kilidhani uwanjani bao limekubaliwa, wakasema "sawa" kwa kitu kilichokuwa kimekataliwa. Liverpool wakafa 2-1. Tofauti ni kilichofuata. Chombo cha marefa wao kilikiri kosa usiku uleule, na siku chache baadaye sauti za kile chumba zikawekwa wazi, dunia nzima ikasikia nani alisema nini na nani alibaki kuguna. Pointi hazikurudi, ila hakuna aliyeambiwa macho yake yana matatizo. Mimi hapa tangu jana natafuta hata sentensi moja ya maelezo ya ile kona. Ningepewa hata ya uongo ningeishukuru.

Wengine mtasema hongo. Sisemi hivyo, sina ushahidi. Kwamba ugonjwa huo upo tunajua: 2018 mshika kibendera kutoka Kenya aliondolewa kwenye kikosi cha marefa wa Kombe la Dunia la Urusi baada ya kamera ya siri ya Anas Aremeyaw Anas wa Ghana kumnasa akipokea dola 600. Ila huyu wa jana niliyekuwa nyuma yake aliogopa tu. Kibendera kilikuwa kinatikisika na upepo haukuwepo.

Na nimemwona tena, hamtaamini. Saa kumi na mbili na nusu nafika stejini, namkuta amesimama kwa muuza mayai boilo, jaketi limefungwa zipu mpaka kidevuni kuficha fulana, begi dogo begani, anakula yai na kachumbari akiangalia chini. Refa wa ligi ya juu ya nchi anasubiri matatu moja na watu waliomrushia chupa. Makanga alipopiga bati akashtuka mpaka kachumbari ikamwagika kwenye kiatu. Nilitaka nimwendee nimuulize ile kona. Sikumwendea, na si kwa huruma, matatu ya Umoja ilijaa na nilikuwa nimebakiwa na nauli ya kabla ya mvua.

Lakini ndiyo, hilo nalo liandikwe. Mtu anayerudi nyumbani kwa mguu na gari la watu wote hatoi nyekundu dakika ya 58 kwa timu yenye mashabiki wengi akiwa na akili timamu. Na mashabiki wa kutisha hivyo ni sisi pia. Ile chupa ilitoka safu ya nyuma yangu, imerushwa na mtu tuliyeimba naye nyimbo tangu saa tisa. Hakuna aliyemgeukia, mimi nikiwemo. Wazee wa debi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards, mnakumbuka uwanja wa Nyayo 2012, kadi nyekundu moja, viti viking'olewa, mechi ikasimama. Refa anayeingia uwanjani siku hizi ameingia na picha hiyo kichwani. Tunamtisha, halafu tunalalamika ni mwoga, halafu anayemtisha zaidi yetu anapewa kona.

Sasa leo asubuhi. Wengine mnajua nina vijana wangu wa chini ya miaka 13, tunacheza kwenye kile kiwanja cha vumbi nyuma ya soko. Magoli hayana nyavu. Refa wetu ni mvulana wa kidato cha tatu mwenye firimbi aliyofunga kwa kamba ya kiatu. Kipindi cha pili akapuliza faulo dhidi yetu, faulo ya wazi, kijana wangu namba nane amemvuta mtu jezi mpaka ikachanika. Nikaona vijana wangu wanane wamemzunguka yule mtoto. Mmoja amekunja mikono kama anaomba dua. Mwingine anachora mstatili hewani kwa vidole viwili, anadai VAR. VAR, kwenye kiwanja ambacho mbuzi alipita dakika tano kabla! (Na kwa taarifa yenu, kumchorea refa ule mstatili kupita kiasi ni njano kwenye vitabu.) Refa wangu mdogo akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema basi, dropu boli.

Nilisimamisha mchezo. Nikamtoa namba nane, ambaye ndiye bora niliye naye, nikamketisha kwenye jiwe karibu na maji. Nikamwambia refa arudishe faulo yake. Namba nane akakaa kimya kidogo, anakwangua vumbi kwa kidole cha mguu, halafu akaniuliza bila jeuri yoyote, kama anayeuliza hesabu:

"Lakini kochi, jana si walipewa?"

Alikuwa nami jana. Nilimkatia tiketi mimi mwenyewe.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia anywe maji.

Sasa naomba kitu kimoja. Kulikuwa na jamaa wawili upande wa jua wakirekodi kwa simu, mmoja ana kofia ya njano, mwingine alikuwa na mtoto mabegani. Kama mko humu, au mnawajua, sihitaji mkono wa beki, huo nimeuona. Nahitaji zile sekunde chache baada ya kipenga, mshika kibendera anapokimbilia mstari wa goli kabla hawajamfikia. Iwekeni hapa hivyohivyo, msiikate.