Ziara binafsi ya siku nzima Bali: mnauziwa saa ambazo hazipo

Wakuu, hili inabidi lisemwe wazi. Watu wa fungate wanaokwenda kisiwa cha Bali, Indonesia, wanaendelea kupigwa pesa, Dar na Nairobi, na mawakala wanaendelea kusambaza ratiba ileile kwenye makundi ya WhatsApp. Kuchukuliwa hotelini Seminyak saa mbili asubuhi, Lango la Mbinguni la Lempuyang, bustani ya Tirta Gangga, majaruba ya mpunga ya Tegallalang, kuoga maji matakatifu Tirta Empul, machweo kwenye hekalu la ufukweni la Tanah Lot, kurudi. Jumla ni muda wa saa 10, gari lenu wenyewe, bei kwa kichwa, kwa dola.

Chukueni ramani tuhesabu. Lempuyang iko Karangasem, mashariki kabisa ya kisiwa. Kutoka Seminyak ni saa mbili na nusu barabara ikiwa nzuri. Kutoka hapo hadi Tegallalang weka mbili. Tegallalang hadi Tirta Empul nusu saa. Tirta Empul hadi Tanah Lot, upande wa magharibi, karibu mbili kwa foleni ya jioni. Tanah Lot hadi Seminyak saa moja na zaidi, maana njia inapita karibu na Canggu penye foleni. Hizo ni saa nane za kukaa kwenye gari. Foleni ya kupigwa picha langoni Lempuyang msimu wa wageni inakula saa mbili, mara nyingine hata nne. Saa 10 zimekwisha na hamjala, hamjavua viatu, hamjaona jaruba hata moja. Aliyepanga ratiba hii ama hajawahi kufungua ramani, ama anajua kabisa na anauza hivyohivyo. Vyote viwili ni kosa, na pesa inayoliwa ni ya watu waliojinyima mwaka mzima.

Kinachotokea siku yenyewe kinajulikana. Mnafika Lempuyang saa nne na nusu, mnaacha gari chini, mnapanda magari ya kijiji kwa nauli ya ziada, mnapewa namba, mnakaa. Saa hizo mawingu yameshaufunika mlima Agung unaoonekana katikati ya lango, na mlima ndio unaoipa picha ile maana. Ziwa mnaloliona kwenye picha za watu halipo. Ule ni uwanja mkavu. Mpiga picha anashika kipande cha kioo chini ya lenzi ya simu, ndipo lango linaonekana limejirudia kama kwenye maji. Mnapewa mikao michache, mnaitwa wanaofuata. Na lango hilo liko kwenye hekalu la chini tu, Penataran Agung. Hekalu la juu lenyewe, Lempuyang Luhur, liko kwenye mita 1,175, mwisho wa ngazi zaidi ya 1,700, na ratiba hizi za siku moja hazilitaji. Anayetaka Lempuyang aondoke hotelini saa tisa au kumi za usiku, aongeze Tirta Gangga iliyo jirani, basi. Siku hiyo imekwisha.

Mkishachelewa, dereva anaanza kukata vituo. Lakini angalieni anachokata. Anakata hekalu. Duka la vito vya fedha la kijiji cha Celuk halikatwi, wala duka la batiki, wala shamba la kahawa ya luwak, yaani kahawa ya buni zilizopita tumboni mwa mnyama. Sababu ni mnyororo wa malipo: wakala wa huku anamuuzia wakala wa kule, yule anampa dereva kazi kwa bei ya chini, na mafuta mara nyingi ni ya dereva. Kipato chake kinabaki kwenye kamisheni ya duka na mgahawa. Simlaumu sana dereva. Namlaumu aliyeuza siku hiyo kama ziara binafsi huku akijua kwamba saa moja na nusu ya siku yenu imeshawekwa rehani madukani.

Hiyo kahawa ya luwak nayo tuiseme. Mnakaribishwa trei ya vikombe vidogo, mchaichai, tangawizi, manjano, kakao, vanila, bure. Kahawa yenyewe inalipiwa, kama rupia 50,000 kwa kikombe. (Rupia 100,000 ni kama shilingi 15,000 za Tanzania, au karibu 800 za Kenya.) Pembeni kuna kizimba, na ndani yake mnyama wa jamii ya fungo, mnyama wa usiku, amewekwa mchana kweupe apigwe picha na wageni huku akilishwa buni. Mtu anatoka nchi ya Bukoba na Kilimanjaro, au Nyeri, anapoteza dakika 50 za siku aliyoilipia dola ili auziwe kahawa mbele ya mnyama anayezunguka kwenye waya. Mwambieni dereva mapema: hatusimami hapo.

Sasa majaruba. Karibu kila tangazo linasema Tegallalang ni urithi wa dunia. Si kweli. UNESCO iliandikisha mwaka 2012 mandhari ya subak, yaani mfumo wa vyama vya wakulima wanaogawana maji kupitia mahekalu ya maji, hekta 19,500 katika maeneo matano: hekalu la Ulun Danu Batur, ziwa Batur, bonde la mto Pakerisan, eneo la Catur Angga Batukaru ambako ndiko kuna majaruba ya Jatiluwih, na hekalu la kifalme la Taman Ayun. Tegallalang haimo. Ni bonde zuri, jembamba, liko kilomita chache kaskazini ya mji wa Ubud, na leo limejaa bembea, magauni ya kukodi na mikahawa. Ukiteremka njia za mashambani utakuta vibanda na vivuko vya mianzi ambapo unaombwa mchango, kama rupia 10,000 au 20,000, kisha kingine mbele. Watu hukasirika, lakini mashamba yale ni ya wakulima, na pesa ya bembea na mgahawa haimfikii kila mwenye jaruba. Bebeni noti ndogo mtoe. Kosa ni la wakala aliyesema kila kitu kimelipiwa.

Na rangi ya kijani hakuna anayeweza kuiahidi. Subak ndiyo inayopanga zamu ya maji na kupanda, ili mashamba jirani yapumzike kwa wakati mmoja na wadudu wakose chakula. Mtaalamu wa anthropolojia Stephen Lansing alilionyesha hili kwa kirefu: miaka ya 1970 wakulima waliposukumwa kupanda mfululizo bila kufuata zamu za mahekalu, wadudu walizidi na maji yakagombaniwa. Kwa hiyo wiki utakayofika unaweza kukuta miche, dhahabu ya kuvuna, mabua makavu au matope matupu. Jatiluwih mpunga mwekundu wa kienyeji hukaa shambani miezi mitano hadi sita, kwa hiyo kipindi cha kijani ni kirefu zaidi. Muulizeni dereva awatumie picha ya juzi, siyo ya tangazo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hekalu na mpunga pale Bali ni kitu kimoja, na ratiba hizi zinavitenganisha kwa saa mbili za barabara. Nendeni bonde la Pakerisan, Tampaksiring. Tirta Empul, chemchemi iliyojengewa hekalu mwaka 962, maji yake yanakwenda mashambani. Chini ya dakika kumi kwa gari iko Gunung Kawi: unashuka ngazi kama 300 katikati ya majaruba yanayolimwa, mfereji wa maji unapita pembeni ya miguu yako, halafu bonde linafunguka na unakuta nguzo 10 za ukumbusho zilizochongwa kwenye mwamba karne ya 11, kila moja na kimo cha kama mita 7, tano upande mmoja wa mto, nne ng'ambo, na ya kumi iko mbali kidogo. Mahali hapo pamo ndani ya eneo la UNESCO. Hapana bembea, hapana kamisheni, kwa hiyo hapamo kwenye ratiba. Hili ndilo linalonikasirisha kuliko hata bei.

Siku inayotekelezeka kwa anayelala Ubud: Tegallalang saa moja asubuhi kabla ya mabasi, dakika 45 zinatosha. Tirta Empul saa mbili na nusu, kabla mabwawa hayajajaa watu. Kisha Gunung Kawi, ipeni saa moja na nusu, magoti yatauliza wakati wa kupanda. Chakula. Mchana hekalu la pango la Goa Gajah, robo saa kutoka Ubud, mabwawa yake ya kuogea yalifukuliwa 1954. Saa kumi mko hotelini na hamjakimbizwa.

Upande wa magharibi ni siku nyingine. Anzeni na hekalu la Ulun Danu Beratan pale Bedugul, kama mita 1,200 juu ya bahari, kuna baridi na mchana ukungu unashuka mpaka hekalu halionekani. Mfike kabla ya saa tatu. Jatiluwih iko karibu saa moja kutoka hapo, tembeeni njia ya kati ya mashamba saa mbili nzima. Mkimaliza, teremkeni Tanah Lot kwa machweo, ambayo ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima kama pwani yetu. Juu ya mwamba wa Tanah Lot asiye Mhindu haingii. Mtaliona hekalu mkiwa ufukweni, na maji yakijaa hata kuvuka kwenda chini ya mwamba haiwezekani. Jatiluwih msiliachie gari liondoke mkitegemea usafiri wa programu za simu. Kule kupata gari la kurudi ni shida.

Bei. Gari la watu watano au sita, dereva na mafuta, saa 10, kwa kawaida ni kati ya rupia 600,000 na 900,000, kwa gari zima. Siyo kwa kichwa. Ukizidisha muda unalipa kwa saa. Tiketi nyingi za mgeni mtu mzima ziko kati ya rupia 50,000 na 150,000 na hupanda mara kwa mara. Halafu kuna tozo ya wageni, rupia 150,000, iliyoanza 14 Februari 2024: inalipwa mara moja kwa safari ya Bali, unailipa mwenyewe kupitia tovuti ya Love Bali na kupewa msimbo. Wakala anayeiweka ndani ya bei ya kila ziara anawalipisha mara mbili.

Na dereva si mwongozaji. Mwongozaji mwenye leseni ana kitambulisho, anaingia nanyi hekaluni na anajibu maswali. Dereva anabaki maegeshoni. Tangazo likisema "mwongozaji dereva", ulizeni leseni kabla ya kutuma malipo ya awali.

NYONGEZA, kwa waliouliza kwenye maoni huko chini:

Mavazi: miguu ifunikwe na kiuno kifungwe mkanda wa kitambaa. Khanga au kikoi cha nyumbani kinafaa, wanawake na wanaume. Ila Tirta Empul kuingia majini unakodi shuka yao, na uende na nguo kavu za kubadilisha. Mnaanza bomba la kushoto kwenda kulia, na mabomba mawili kwenye bwawa la kwanza yanarukwa kwa sababu ni ya ibada za wafu. Msimfuate mgeni aliye mbele, naye anabahatisha. Ulizeni mhudumu wa hekalu. Mwanamke aliye hedhini haingii hekaluni kabisa, na hakuna wakala anayewaambia hili kabla ya kupokea pesa. Kwa wana fungate waliopanga picha za majini, hiyo ni siku nzima imeharibika.

Waislamu: sehemu kubwa ya Bali wanakula nguruwe, kwa hiyo mgahawa anaouchagua dereva mnauliza kwanza. Kwenye njia ya magharibi hamna haja ya kuhangaika. Candikuning, hapo hapo Bedugul, ni kijiji chenye Waislamu wengi, msikiti wa Al-Hidayah uko kilimani juu ya ziwa Beratan na chini yake kuna migahawa ya halali. Adhuhuri salini hapo.

Tarehe: Novemba hadi Machi mvua hunyesha, hasa mchana. Siku ya Nyepi, siku ya ukimya ya Wahindu wa Bali, kisiwa chote kinafungwa saa 24, uwanja wa ndege pia, hakuna ziara ya aina yoyote hata kama wakala amepokea pesa.

Ujumbe wa kumtumia dereva kabla ya kulipa chochote, unakili uweke majina ya vituo vyako: tunalala Ubud, vituo ni hivi na mpangilio ni huu, hakuna duka, hakuna kahawa ya luwak, chakula tunachagua wenyewe, bei ni ya gari zima kwa saa 10 na mafuta na maegesho yamo, saa ya ziada ni kiasi gani? Akikataa sharti la maduka kwa bei hiyo, muulizeni bei ya bila maduka. Itakuwa juu kidogo. Lipeni hiyo.