Mamangu ana uvimbe mbili kwenye ini, daktari ataka kuzichoma kwa sindano ya moto. Naombeni ushauri

BintiKisauni:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mamangu, miaka 58, alikatwa titi la kushoto mwaka 2021. Akamaliza kemo, akapewa vidonge vya homoni, akarudi Kongowea kuuza nazi. Mwezi uliopita wameona uvimbe mbili kwenye ini, sentimita 2 na 2.5. Bayopsi, yaani kipande cha uvimbe kilichopimwa, imesema ni saratani ile ile ya titi. Kwingine hakuna kitu. Daktari ataka zichomwe kwa sindano Nairobi. Mjomba amekataa katakata: saratani ikiguswa, asema, hutapakaa. Mama mwenyewe kimya. Usiku namsikia akivuta uradi tu. Nimsikilize nani?

NesiMstaafu:
Pole mwanangu. Sindano hupitishwa katikati ya mbavu, daktari akiifuata kwa altrasaundi au CT mpaka ncha ikae ndani ya uvimbe. Ncha hutoa joto la mawimbi ya redio au maikrowevu, na seli zikipita nyuzi 60 hufa pale pale. Huunguzwa na ukingo wa nyama isiyo na ugonjwa kuuzunguka, ndiyo maana uvimbe wa chini ya sentimita 3 ndio hukubali vizuri. Wa mamako umo humo.

Hofu ya mjomba usiidharau. Seli kubaki kwenye njia ya sindano hutokea, ila ni nadra, na madaktari wengi huichoma njia hiyo wakiitoa sindano. Mwelezeni kwa heshima.

Kubwa ni hili: ugonjwa umefika kwenye ini kwa njia ya damu. Moto unaua pale ulipoonekana, dawa inaufuata pale usipoonekana. Atakayewaambia mchome muache dawa, mkimbieni. Ulizeni pia kama vipokezi vya homoni na HER2 (alama za seli zinazoonyesha dawa ipi itafaa) vimepimwa upya kwenye ile bayopsi ya ini, maana huweza kubadilika, na dawa nayo ikabadilika. Tena ulizeni uvimbe uko karibu na mshipa mkubwa au mirija ya nyongo? Damu ikipita kwa wingi hupoza moto, seli zikasalia. Mirija ikiungua ni balaa jingine.

BabaLikoni:
Mke wangu alichomwa mmoja. Kesho yake tukatoka. Hakuna aliyetutajia homa! Siku ya tatu mwili moto, nikampakia tuktuk usiku hadi feri, moyo mkononi. Kumbe homa ndogo na uchovu wiki ya kwanza ni kawaida. Ila ikipanda sana, au aanze kutetemeka kwa baridi, msingoje kuche, yaweza kuwa jipu ndani ya ini. Baadaye lazima apigwe picha tena kuona kama kumesalia kitu.

DadaMtwapa:
Kabla ya tiketi ya SGR, ombeni gharama kwa maandishi na muulize SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani. Kama anameza aspirini au dawa ya kulainisha damu, aseme mapema.

BintiKisauni:
Nimemsomea mama yote. Ameuliza moja tu: dripu itatiwa mkono gani? Wa kushoto umevimba tangu operesheni.

NesiMstaafu:
Wa kulia, mwanangu. Aseme mwenyewe mapema, nawe uwakumbushe mlangoni.