Kabati lisilo na dirisha linanilelea ukungu, tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Nina kijichumba cha nguo ndani ya chumba cha kulala, hakina dirisha wala tundu la hewa, mlango ukifungwa ni giza totoro. Juzi natoa suti nakuta kola imeota ukungu mweupe, viatu vya ngozi ndo usiseme, kijani kabisa. Nikafua, nikafuta rafu na siki, wiki mbili umerudi. Waliowahi kupambana na hii kitu mlifanyaje? Nataka mlichofanya wenyewe, nadharia nimesoma nimechoka.

mzee_wa_hanga: Pole mkuu. Kwangu mchawi alikuwa pasi. Napiga pasi ya mvuke usiku, shati ukiligusa unaona kavu, natundika nafunga mlango, sasa pata picha mashati kumi yana kamvuke kidogo kidogo halafu hewa haina pa kutokea. Siku hizi yanalala nje mpaka asubuhi ndo yaingie. Na taulo lenye unyevu halikanyagi humo.

dada_soksi: Mi nilianza na mkaa kwenye mabakuli manne, harufu ikapungua kweli ila ukungu ukaendelea kula bata. Chumvi na mchele vilevile, havifui dafu. Nikanunua vile vikopo vya kalsiamu kloraidi vinavyovuta unyevu mpaka vinajaa maji, hivyo vilifanya kazi mpaka nikajisahau nikakiweka kimoja rafu ya juu kikapinduka 😭 Yale siyo maji ya kawaida jamani, ni chumvi tupu, mkoba wa ngozi uliharibika na vifungo vyake vya chuma vikashika kutu. Weka chini sakafuni, ndani ya beseni.

Kipimo: Nunua kipima unyevu, kadude kadogo tu. Changu kilisoma asilimia 78 kabatini wakati chumbani ni 62, ndo nikajua nafungia unyevu kwenye sehemu isiyopumua. Ukungu unapenda kuanzia 60 na kitu kwenda juu, lenga 50 hivi. Nilitoboa mlango chini na juu nikaweka nyavu ili hewa izunguke, nikafunga kafeni kadogo, nikapunguza nguo maana zilikuwa zimebanana kama abiria, na vitu nikavisogeza kutoka ukutani kama upana wa kiganja. Sasa ikipanda sana ni 55.

dada_soksi: @Kipimo na silika jeli je, zile punje za kuvuta unyevu?

Kipimo: Ni nzuri kwenye boksi la viatu lililofungwa, kabati zima utahitaji gunia. Ikijaa unaikausha kwa oveni inatumika tena.

fundi_mstaafu: Mnamtibu mgonjwa hamjampima. Chukua kipande cha foili, bandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, acha siku mbili. Ukibandua ukakuta upande unaotazama ukuta umelowa, maji yanatoka ukutani, feni haitakusaidia kitu. Ukilowa upande wa chumbani basi ni hewa ndo ina unyevu na ukuta wako ni baridi.

mama_pacha: Naongezea moja tu kabla mtu hajajiua. Usichanganye blichi na siki au kitu chenye amonia, inatoa gesi mbaya sana, na kwenye kijichumba kisicho na dirisha huna pa kukimbilia. Halafu msisugue ukungu mkavu kwa brashi, mbegu zinapaa zote puani. Futa na kitambaa kibichi, vaa barakoa. Mwanangu ana pumu, somo hili nililipata usiku wa manane.

Mleta mada: Wakuu nimerudi. Nimebandua foili leo, upande wa ukutani umelowa chapachapa. Nyuma ya ukuta huo ni bafu 🤦 Fundi bomba anakuja Jumamosi, nguo zote ziko kitandani, mi nalala kwenye kochi.