Nyonga ya bandia, mwezi wa nane sasa: nirudi uwanjani au nitundike daluga?

WINGA WA MAJENGO (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 54, naishi Moshi, pande za Majengo. Miezi minane iliyopita nilibadilishiwa nyonga ya kulia. Gegedu lilikuwa limekwisha. Daktari alinionyesha kwenye eksirei: upande wa kushoto kuna kimstari cheusi kati ya mfupa na mfupa, upande wa kulia hakuna, mfupa umekaa juu ya mfupa. Kabla ya hapo nilikuwa silali bila diklofenaki, na asubuhi soksi ya kulia nilikuwa navalishwa na mwanangu wa darasa la nne.

Maumivu yale sasa sina. Natembea bila gongo, napanda daladala, nalala upande wowote. Namshukuru Mungu na namshukuru aliyenipasua.

Tatizo langu ni hili. Tangu nina miaka 19 Jumapili yangu ni mpira. Tuna timu ya maveterani, nacheza winga ya kulia, na kila mwishoni mwa Februari nilikuwa nakimbia kilomita 21 za Kili Marathon. Wenzangu wananiuliza kila wiki narudi lini. Kliniki ya mwisho nilikaa ndani dakika tano hivi, nikaambiwa "endelea na maisha yako ya kawaida", nikatoka. Nilipofika getini ndipo nikajiuliza, maisha yangu ya kawaida ni yapi? Kwangu mimi kawaida ni mpira.

Wiki iliyopita nilijaribu kukimbia polepole barabara za Shanty Town, kama mita 400. Haikuuma hata chembe. Ila mke wangu alikuwa nyuma yangu, akaniambia kila nikikanyaga mguu wa kulia mwili wote unalalia upande huo.

Naomba ushauri, hasa kwa waliopitia. Tafadhali msiniambie tu "umri umeenda, tulia nyumbani". Nikitulia nyumbani najua nitakavyokuwa. Miezi mitatu ya mwanzo niliionja.

MCHEZAJI WA NJIRO

Mzee wangu shikamoo. Kama haiumi, mimi naona rudi taratibu. Andy Murray alifanyiwa nyonga akarudi kucheza tenisi ya kulipwa na akachukua kombe. Usikate tamaa mzee.

MAMA KIBOSHO

Pole baba, na hongera kwa kufika hapo. Mimi nina miaka 61, yangu ya kushoto inaingia mwaka wa tano. Kabla hujajibiwa mambo ya mpira, tuambie: walikupasua kwa mbele, pembeni au nyuma? Waliweka na saruji ya mifupa, ile gundi ya kushikiza kifaa, au bila saruji? Ulipewa kadi au karatasi yoyote yenye jina la kifaa? Mimi yangu naitunza pamoja na hati ya shamba, maana siku ikihitaji kurekebishwa daktari atakayefungua atataka kujua kilichomo.

WINGA WA MAJENGO

Nyuma, mama. Kovu liko karibu na tako. Karatasi ipo, nimeitafuta leo: imeandikwa bila saruji, kichwa cha kauri, kikombe kina plastiki ndani. Asante kwa kuniuliza, nilikuwa nimeifungia kwenye bahasha bila kuisoma.

ALLY WA BONDENI

Mimi nitasimulia yaliyonipata, kila mmoja achukue lake. Nilipasuliwa kwa nyuma kama wewe. Wakaniambia: usikunje nyonga kupita pembe mraba, usipishanishe miguu, usigeuze mguu kwa ndani, mpaka wiki ya 12. Wiki ya saba nilikuwa najisikia mzima kabisa. Tukaenda msibani, nikapewa kigoda. Nikaona aibu kukataa, nikakaa. Halafu nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Nilisikia "ko!" ndani ya mwili wangu kabla sijasikia maumivu. Nilipoangalia chini mguu ulikuwa umekuwa mfupi, na vidole vimegeukia mguu mwenzake. Watu walinibeba na godoro nyuma ya pikapu. Walinilaza usingizi hospitali, wakairudisha kwa kuvuta, kwa rehema ya Mungu hawakupasua tena. Lakini baada ya hapo nilianza upya kama mtoto.

Mleta uzi, wewe miezi minane ulishavuka kipindi kibaya. Ninachotaka kukwambia ni kwamba siku ile haikuwa inaniuma hata kidogo. Mpaka leo msikitini naswali kwenye kiti, na nyumbani nimejenga choo cha kukaa. Hilo la choo sikuambiwa na mtu hospitali, nililigundua mwenyewe siku ya kwanza nimesimama mbele ya tundu na magongo mawili.

MAMA KIBOSHO

Ally umenikumbusha. Choo cha kuchuchumaa ndicho kilichonitesa kuliko mkato wenyewe. Na kupiga magoti kanisani, nilimwendea mchungaji nikamweleza, akasema Mungu anasikia hata uliyekaa.

FIZIO WA SAKINA

Mleta uzi, shikamoo. Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Arusha na wagonjwa wa nyonga nakutana nao kila wiki. Naomba nianzie hapo kwenye "haiumi", kwa sababu nyote watatu mmeligusa.

Nyonga yako ya zamani ilikuwa na hisia. Ukiizidishia kazi ilikuambia usiku huohuo. Hii mpya ni chuma, kauri na plastiki ngumu, haina cha kukuambia. Plastiki ikisagika, chembe zake huingia kwenye mfupa unaoishikilia. Mwili unazishambulia kama adui, na katika kuzishambulia unaula mfupa wenyewe. Hali hiyo inaweza kwenda miaka kadhaa mtu anajiona mzima, mpaka kikombe kilichowekwa kwenye nyonga, au shina la chuma lililoingizwa ndani ya paja, lilegee. Plastiki za siku hizi zinasagika kidogo sana kuliko za zamani, lakini hazijaacha kusagika. Ndiyo maana tunawaomba mrudi kupiga eksirei hata kama hamuumwi.

Sasa uzito. Watafiti wa Berlin waliwahi kuweka vipimo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa, wakapima mzigo mtu akiwa anatembea, anakimbia, anapanda ngazi. Kutembea kwa kawaida nyonga inabeba kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kukimbia polepole, mara tano hivi. Lakini mzigo mkubwa kuliko yote ulitokea mtu alipojikwaa akajizuia asianguke: zaidi ya mara saba. Kama una kilo 80, hapo nyonga imebeba zaidi ya nusu tani kwa kufumba na kufumbua. Fikiria uwanja wenu, mashimo yake, na beki anayekuja kwa nyuma. Kwenye mpira kujikwaa ni sehemu ya mchezo wenyewe. Na ukianguka vibaya, paja linaweza kuvunjika pale shina la chuma linapoishia, na kuunga hapo ni kazi kubwa.

Kwa hiyo mpira wa kugombania siwezi kukushauri, na madaktari walio wengi watakuambia hivyohivyo. Kukimbia wanatofautiana: wapo wanaokataza kabisa, wapo wanaomruhusu mtu aliyekuwa mkimbiaji tangu zamani, kwa kiasi. Kutembea, baiskeli na kuogelea hakuna ubishi.

Kijana wa Njiro, Murray ni mfano mzuri wa moyo, ila operesheni yake ni nyingine. Januari 2019 alivalishwa kofia ya chuma juu ya kichwa cha fupa la paja, kichwa chake mwenyewe kikabaki. Oktoba mwaka huohuo akachukua ubingwa Antwerp, kweli. Mleta uzi kichwa chake kilikatwa kikatolewa.

Lingine ni hilo la mwili kulalia upande mmoja. Mama ameona kitu cha maana sana. Fanya hivi leo. Simama mlangoni peku, umevaa suruali yenye mkanda. Gusa fremu kwa vidole viwili tu. Inua mguu wa kushoto, simama kwa wa kulia. Mama akae nyuma yako aangalie mkanda. Mkanda ukishuka upande wa kushoto, au ukilazimika kulalia kulia ili usishuke, msuli wa pembeni ya tako la kulia bado haujaamka. Hesabu sekunde. Lengo ni 30 mkanda ukiwa umenyooka. Kabla ya hapo usikimbie hata hizo mita 400, maana unakimbia kwa kuchechemea na goti na kiuno ndivyo vitakavyolipa.

WINGA WA MAJENGO

Nimefanya sasa hivi. Sekunde tisa. Mke wangu anasema mkanda ulianza kushuka kwenye ya nne. Mguu wa kushoto nimefika 30 bila shida.

Sikutegemea. Nimekaa hapa kitandani nimenyamaza kidogo.

FIZIO WA SAKINA

Usinyong'onyee, msuli unajengeka hata kwenye umri huo. Lala ubavu wa kushoto, mguu wa chini ukunje, wa juu unyooke na uende nyuma kidogo, vidole vitazame mbele visitazame juu. Inua polepole, shusha polepole zaidi. Kumi, pumzika, kumi, pumzika, kumi. Ukizoea, kata tyubu ya baiskeli, funga juu ya magoti yote mawili, tembea kiubavuubavu ukumbini kwenda na kurudi. Na ngazi: panda ngazi moja kwa mguu wa kulia, shuka bila kujirusha. Siku tano kwa wiki. Pima mlangoni kila Jumapili. Na tafuta mtaalamu hapo Moshi akuangalie kwa macho, mimi hapa naandika tu.

MCHEZAJI WA NJIRO

Asante dokta, hilo la Murray sikulijua. Mzee samahani kama nilikupotosha. Vipi kuogelea Chemka, ile chemchemi? Maji yake ni ya uvuguvugu, ukatoka Boma Ng'ombe siyo mbali.

FIZIO WA SAKINA

Kidonda kimefunga siku nyingi, kwa hiyo kuogelea ni ruksa. Ila zile kamba za kujirusha hapana, na mizizi na mawe ya pale kandoni yanateleza, ingia umeshika mtu. Miguu ipige ya kunyooka, ile ya chura iache kwanza.

MGUMU MSTAAFU

Mangi, mimi nilibeba mizigo mlimani miaka 14, nyonga ikaoza kichwa kwa kukosa damu, nikabadilishiwa nina miaka 49. Nilidhani mlima basi. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikapanda kwa njia ya Marangu mpaka kibanda cha Mandara, mita 2,720, bila mzigo, nikalala, nikashuka asubuhi. Nililia pale kibandani, sioni aibu kusema.

Nakupa moja tu nililojifunza kwa mwili wangu: kupanda siyo shida, shida ni kushuka. Ukishuka kila hatua ni kama unajidondosha. Ile 21 yenu inapanda Mweka halafu inateremka yote ile kwa lami. Mimi kwa uzito ule niliosoma hapo juu nisingethubutu kuikimbia. Nenda na fimbo mbili, hatua fupi, na usione haya vijana wakikupita.

Kwa kuanzia ipo njia ya msitu wa Rau. Tambarare, kivuli, ardhi laini. Mvua ikinyesha usiende, udongo wake unateleza.

MAMA KIBOSHO

Na viatu baba. Mnavyonunua soko la mitumba la Memorial vinang'aa juu huku soli imeshakufa. Kunja kiatu kwa mikono miwili: kikijikunja katikati kama chapati, kirudishe.

ALLY WA BONDENI

Swali kwa dokta. Inadumu miaka mingapi hii? Mimi niliambiwa kumi, mwenzangu wodini akaambiwa thelathini.

FIZIO WA SAKINA

Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulikusanya kumbukumbu za wagonjwa wengi wa nchi mbalimbali: karibu nyonga 58 kati ya 100 zilifika miaka 25. Kwa hiyo wote wawili mliambiwa nusu ya ukweli. Mwenye miaka 54 ana nafasi kubwa kuliko mzee wa 75 ya kuhitaji kurudia, kwa sababu ana miaka mingi mbele na anajituma zaidi. Na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, mfupa unakuwa umepungua. Na Ally, jino bovu au kidonda kisichopona usikiache hivihivi. Wadudu wanaweza kusafiri kwenye damu wakakaa kwenye chuma.

WINGA WA MAJENGO

Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea.

Jana Jumapili nilikwenda uwanjani nikawaambia wenzangu kuwa sitacheza tena. Nilitaka kusema "kwa sasa", nikaona siyo kweli, nikasema sitacheza. Kipa wetu, tumecheza pamoja tangu ujana, alinishika bega hakusema kitu. Wameniomba niwe nakuja kuwapasha misuli kabla ya mechi. Nitakwenda, maana mimi sikuwa nafuata goli peke yake. Nilikuwa nafuata watu.

Kili ijayo nimeamua kilomita tano, kwa kutembea, na mke wangu naye anajiandikisha. Ya 21 nisemeje, bado inaniuma. Nitamuuliza daktari uso kwa uso, safari hii naingia na maswali yameandikwa, sitoki dakika ya tano. Eksirei napiga wiki hii. Mlangoni leo nimefika sekunde 11.

Mgumu, hizo fimbo zinapatikana wapi kwa bei ya mtu wa kawaida?

MGUMU MSTAAFU

Zinakuja na mitumba, pita Memorial asubuhi kabla hazijachaguliwa. Ukipata, ivute mpaka urefu wako, ikaze, halafu iegemee kwa uzito wako wote mara tatu papo hapo mbele ya muuzaji. Ikiteleza hata kidogo mrudishie. Ukikosa niambie, ninazo jozi mbili nyumbani, moja nitakupa.