Msimu mpya, kejeli zile zile: acheni kuwacheka watoto wa watu kwenye mashindano ya vipaji!

Wakuu, salaam.

Tangazo la msimu mpya wa shindano moja la kuimba hapa nyumbani limetoka. Jina silitaji, maana yapo zaidi ya moja na tabia yao ni moja. Nimelitazama tangazo lote na hakuna hata mtu mmoja anayeimba vizuri. Kuna dada anaimba huku akilia, kuna kijana anasahau maneno, kuna jaji amejilaza mezani kwa kicheko, halafu maandishi makubwa: msimu huu ni wa tofauti. Tofauti iko wapi? Msimu uliopita ilikuwa hivyo hivyo, na ule wa kabla yake. Mmebadilisha rangi ya jukwaa na nguo za mtangazaji, basi.

Nina hasira na leo naziandika zote.

Kwa wasiojua, mshiriki haendi moja kwa moja mbele ya majaji mnaowaona kwenye TV. Wanajitokeza mamia, majaji watawasikiliza wote saa ngapi? Kuna mchujo wa kwanza, kwenye hema au chumba cha pembeni, unaofanywa na watu wa kipindi ambao sura zao hamzioni. Hawa wanapitisha makundi mawili. La kwanza ni wanaoimba vizuri kweli. La pili ni wanaoimba vibaya kiasi cha kuchekesha. Yule wa katikati, mwenye sauti ya kawaida ambaye akifundishwa miezi miwili angeweza kuwa mtu, anaambiwa asante, rudi nyumbani. Ndivyo inavyofanyika hata kwenye mashindano makubwa ya Ulaya na Marekani, si siri. Kwa hiyo ukimwona mtu anaaibika mbele ya kamera, jua kwamba kuna mtu alishamsikia, akajua hawezi, akampitisha kwa makusudi.

Mpwa wangu alipitishwa hivyo. Ni kijana anayeosha magari, mpole, anapenda kuimba kanisani ingawa sauti yake inatoka nje mara kwa mara, na kwaya wanamvumilia kwa sababu ana moyo. Alifika kwenye usaili alfajiri, akakaa juani mpaka alasiri. Ndani ya hema dada mmoja mwenye daftari na spika za masikioni akamsikiliza, akatabasamu, akamwambia: "Umepita. Ukiingia kwa majaji imba kwa nguvu hivyo hivyo, na ukicheza kidogo watakupenda." Alinipigia simu pale pale, "Mjomba, nimepita! Naenda kwa majaji!" Akampigia mama yake, akawapigia wenzake wa kwaya. Dada yangu alikuwa anamwambia kila mteja anayekuja gengeni kwake.

Mnajua kilichofuata. Akaimba kwa nguvu kama alivyoelekezwa, akacheza kama alivyoelekezwa. Majaji wakacheka mpaka mmoja akaondoka kwenye kiti. Kipindi kiliporushwa, wahariri wakawa wameongeza mlio wa mbuzi juu ya sauti yake. Mbuzi! Mtu amekaa kwenye kompyuta, akatafuta mlio, akaupanga sawasawa pale kijana anapopandisha sauti, akaridhika na kazi yake akaenda kula. Klipu ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mpaka leo watoto wa mtaani wakimwona na ndoo yake wanalia kama mbuzi. Kwaya ameacha. Hakuna aliyemfukuza, ameacha mwenyewe.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema "watazamaji ndio wanaotaka kucheka, bila hivyo kipindi hakiendi." Hoja hiyo naikataa, na naikataa kwa mifano ya walioianza biashara yenyewe.

American Idol, shindano la kuimba la Marekani, ilianza Juni 2002 kwenye kituo cha FOX, na kweli ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya ukali wa jaji Simon Cowell. Mwaka 2004 mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Berkeley, William Hung, aliimba vibaya na klipu yake ikazunguka dunia. Wakati ule kitu hicho kilikuwa kipya. Lakini angalieni walichokibadilisha miaka iliyofuata ili watu wasichoke. Umri wa juu wa mshiriki ulikuwa 24, mwaka 2005 wakaupandisha hadi 28. Mwaka 2008 wakaruhusu washiriki kupanda na magitaa na piano zao. Mwaka 2009 majaji wakapewa haki ya kumwokoa mshiriki mmoja aliyeangushwa na kura. Mwaka 2011 umri wa chini ukashuka hadi 15. Kila badiliko hapo linahusu muziki na sheria za mchezo, yaani nani anaruhusiwa kuingia, anapanda na nini, anatokaje. Hata hivyo walikwama, maana kuanzia 2008 hadi 2012 washindi watano mfululizo walikuwa vijana wa kiume wenye magitaa, na mtazamaji alianza kubashiri mshindi kabla ya fainali. FOX wakafunga 2016. Kituo kingine, ABC, waliporudisha 2018 na majaji akina Lionel Richie, Katy Perry na Luke Bryan, ile sehemu ya kukusanya wasiojua kuimba ili wachekwe ilipunguzwa sana. Majaji wanakaa na mtoto, wanamweleza amekosea wapi, wengine wanainuka kwenda kwenye piano. Na kipindi bado kipo.

The Voice ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba jambo hili linawezekana tangu siku ya kwanza. Ilianza Uholanzi 2010, ikafika Marekani kupitia NBC Aprili 2011, leo imeenea nchi nyingi. Majaji wanakaa wamempa mshiriki mgongo, hawajui kama ni mnene au mwembamba, amevaa suti au kandambili. Wanasikia sauti tu, na jaji anayeipenda anageuza kiti chake. Na wanaopanda pale wote wanajua kuimba, hakuna aliyeletwa kuwa kichekesho. Msisimko unatoka kwenye kiti: kitageuka au hakitageuka? Sekunde tisini za mtu kuimba na wewe nyumbani umeshika mto. Nani aliyewahi kulalamika kwamba The Voice haina kichekesho? Blake Shelton alikaa kwenye kiti kile tangu 2011 mpaka 2023, watu hawakumchoka, kwa sababu kila msimu walioingia walikuwa na kitu cha kusikilizwa.

Tazameni na upande wa pili. The X Factor ya Uingereza, iliyoanza 2004, mwaka 2009 iliuhamisha usaili kutoka chumbani kwenda kwenye ukumbi wenye maelfu ya watu. Kwa hiyo aliyekuwa anaaibika mbele ya watu wanne akawa anazomewa na ukumbi mzima. Msimu wa mwisho wa kawaida ulikuwa 2018, na 2021 ITV, kituo cha TV cha kule Uingereza, wakatangaza hawana mpango wa kuirudisha. Sisemi zomeazomea peke yake ndiyo iliyoiua. Ninasema haikuiokoa.

Na sisi wenyewe tulikuwa na mfano mzuri hapa Afrika Mashariki, tumeusahau haraka mno. Shindano la kuimba la Tusker Project Fame, 2006 mpaka 2013. Vijana wanawekwa kwenye akademia Nairobi, wana walimu wa sauti, tunawaona wiki nzima wakifanya mazoezi, wakikohoa, wakigombana na wimbo, halafu mwisho wa wiki wanapanda jukwaani. Kulikuwa na Ian Mbugua, jaji mkali kupita kiasi, ila alikuwa mkali juu ya kuimba. Mtoto aliyeingia akitetemeka wiki ya kwanza ulikuwa unamwona wiki ya sita amesimama mbele ya bendi kama mtu mwingine. Alianza kushinda Valerie Kimani wa Kenya, 2009 akashinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2013 akashinda Hope Irakoze wa Burundi. Peter Msechu wetu alitoka Bongo Star Search 2009 akiwa wa pili, mwaka uliofuata akaenda kule akawa wa pili tena, na watu waliokuwa wanampigia kura Dar walipata marafiki wa kubishana nao Kampala na Kigali. Huko ndiko upya ulikotoka: nchi mpya, sauti mpya, na kijana anayekua mbele ya macho yako. Hakuna aliyehitaji mlio wa mbuzi.

Vipaji navyo tunavyo, msituambie vimeisha. Ramadhani Brothers, vijana wa Kitanzania wanaobebana kichwa kwa kichwa huku mmoja akipanda ngazi, walifika fainali ya America's Got Talent 2023, na Februari 2024 wakashinda shindano la Fantasy League la kipindi hicho hicho. Ghetto Kids kutoka Kampala waliingia Britain's Got Talent 2023, na Bruno Tonioli alishindwa kusubiri wamalize, jaji huyo akabonyeza kitufe cha dhahabu, kinachompeleka mshiriki moja kwa moja nusu fainali, katikati ya dansi. Hao watoto wangefika kwenye hema lile la mchujo hapa kwetu, wangepangwa kundi gani?

Suala la kura. Mnatuomba meseji kila baada ya dakika kumi, kila meseji inakatwa hela, halafu mwisho mnatuambia "kura zimetosha" na "kura hazikutosha". Ngapi? Uingereza, mwimbaji Susan Boyle aliposhindwa fainali ya Britain's Got Talent 2009, ITV walitoa asilimia za kura: kundi la dansi la Diversity 24.9, yeye 20.2. Mtu akajua shilingi yake iliangukia wapi. Na nidhamu hiyo haikuja bure, maana Mei 2008 mamlaka yao ya utangazaji, Ofcom, ilikuwa imewatoza ITV faini ya pauni milioni 5.675 kwa kuwachezea watazamaji waliolipia simu kwenye vipindi vyao, kimojawapo Soapstar Superstar, shindano la kuimba. Sisi hapa hata jumla ya kura hatuoni. Kama mnakusanya hela za wananchi, toeni hesabu ya kila mshiriki siku moja baada ya fainali. Hamhitaji sheria mpya kufanya hivyo.

Kwa watayarishaji wanaopita humu kimyakimya, na najua mnapita, nataka mambo haya msimu huu, kabla hamjafungua usaili. Asiyejua kuimba mwambieni ukweli kule kule kwenye hema, kwa heshima, aende zake na jina lake. Mkimpitisha mtu, mwambieni amepitishwa kwa sababu gani. Mshiriki aonyeshwe klipu yake kabla haijarushwa, na akikataa iachwe. Fedha mnazolipia wachekeshaji na milio, ajirini walimu wawili wa sauti, mtuonyeshe vijana wakifundishwa.

Na mtakaosema "si alijipeleka mwenyewe", someni tena nilichoandika. Alijipeleka kuimba. Aliyempeleka kuchekwa alikuwa na daftari.

Wakuu mliowahi kupita kwenye hayo mahema, mkoa wowote, mwaka wowote, andikeni hapa chini mliambiwa nini kabla ya kuingia kwa majaji. Majina ya vijana na klipu zao msiweke. Mods, nawaomba uzi huu msiuunganishe na ule wa ratiba ya usaili.