Mvua za Mbeya zimeanza: mwenye presha afanye mazoezi gani ya ndani?

Mama_Forest
Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya, maeneo ya Forest. Umri 41, kazi ya kukaa ofisini, presha inacheza kwenye 145/92. Daktari kaandika dawa ya atenolol na mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki. Barabarani kwa sasa haiwezekani, mvua ndiyo hizi na nikitoka kazini giza limeshaingia. Kuna chumba hakina mtu, mita 3.5 kwa 4, sakafu ya vigae, dari ya jipsamu. Bajeti ni laki tatu. Ninunue mashine ya kukimbilia iliyotumika, nilipie jimu, au kuna njia nyingine? Natanguliza shukrani.

SaninjaVyuma
Dada, mashine ya laki tatu iache hukohuko dukani. Kwa bei hiyo utapata mota iliyochoka na mkanda uliolegea. Halafu wauzaji wanapenda kutaja nguvu za farasi za kilele, zile mota inazofikisha kwa sekunde chache tu. Cha kuuliza ni nguvu inayohimili mfululizo, na kwa mtu wa kilo 80 usishuke chini ya farasi 2. Mkanda unahitaji mafuta ya silikoni kila baada ya miezi michache. Watu wengi hawaweki, msuguano unaongezeka, mota inavuta umeme mwingi mpaka saketi inaungua. Na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka ndio unaua saketi mapema zaidi. Ukikatika ghafla ukiwa kwenye kasi, mkanda unasimama na wewe bado unaenda.

Ukitaka mashine kwa lazima, tafuta baiskeli ya mazoezi ya sumaku. Haihitaji LUKU, haipigi kelele, na kinachoharibika ni pedali na kiti basi.

PumziNdefu
Kabla ya vifaa, suala la dawa. Atenolol inashusha mapigo ya moyo, kwa hiyo zile hesabu za mapigo ya juu kabisa, "220 toa umri", hazikufai kabisa. Utajiua ukitafuta mapigo 140 ambayo dawa imeyazuia yasifike. Tumia kipimo cha maongezi: uweze kusema sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Pima presha ukiwa umekaa dakika 5 kabla ya kuanza. Ikisoma 180/110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, nenda hospitali. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama hapohapo. Usimalize ghafla pia: tembea taratibu dakika 5, maana mishipa ya miguu bado imetanuka, damu inabaki chini na kichwa kinazunguka.

Na Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea Dar ataona pumzi inakata mapema wiki mbili tatu za kwanza. Mwenyeji hana shida hiyo, ila baridi ya Juni na Julai inataka upashe mwili dakika 10 badala ya 5.

KambaMoja
Kamba! Haizidi elfu kumi na inaingia kwenye mkoba. Kata urefu hivi: kanyaga katikati kwa mguu mmoja, vishikio vifike kwapani. Ikizidi hapo inajikunja na kugonga vidole. Ruka sentimita 2 au 3 tu kutoka sakafuni, zungusha kwa viwiko vilivyobana mbavu. Wanaoruka juu kama wanacheza kichurachura ndio wanaolalamika muundi unauma baada ya siku nne. Juu ya kigae weka mkeka mgumu wa mpira. Godoro la sponji usithubutu, kifundo kinapinda.

PumziNdefu
Kamba ni nzuri ila si kwa wiki ya kwanza, mkuu. Hata ukiruka polepole, kwa asiyezoea ni mazoezi mazito, kile kipimo cha sentensi unakifeli ndani ya dakika moja. Aanze na kupanda kidato. Tofali mbili za bloku za inchi 6, zilale ubavu kwa ubavu, unapata kidato cha sentimita 15. Chini weka zulia la mpira zisiteleze kwenye vigae, juu ubao. Panda kwa mguu wa kulia, wa kushoto ufuate, shuka kwa utaratibu uleule. Hiyo ni raundi moja. Raundi 20 kwa dakika, dakika 10, pumzika 2, rudia mara mbili zaidi. Siku tano kwa wiki, dakika 150 zimetimia. Kila baada ya dakika 2 badili mguu unaoanza, la sivyo goti moja linabeba kazi yote. Na kisigino chote kikae juu ya ubao, si vidole peke yake.

Baada ya wiki nne ndiyo kamba: sekunde 20 ruka, 40 pumzika, mara 10. Kila wiki ongeza sekunde 5 za kuruka.

Kinyoya_Juu
Msimfungie dada wa watu chumbani peke yake, atachoka na ule ukuta. Mara moja kwa wiki tafuteni ukumbi wa shule au wa kanisa mcheze vinyoya (badminton). Uwanja ni mita 13.4 kwa 6.1, neti mita 1.55 kwenye nguzo, watu wanne wanatosha. Kabla ya kulipia ukumbi angalieni mambo mawili: feni za dari, na madirisha ya upande wa upepo, kwa sababu kinyoya kinapeperuka hata kwa upepo mdogo.

Wengi wanakosea hapa: huku juu hewa ni nyepesi, kinyoya kinakwenda mbali kuliko pwani. Ukinunua vya plastiki, chukua vyenye ukanda wa kijani, ndivyo vya polepole. Vya bluu ni vya kati, vyekundu ni vya kasi, hivyo vitakuwa vinatoka nje kila mkipiga.

Jimu nayo si mbaya, ila nenda ukaikague saa 12 jioni, saa utakayokwenda wewe. Saa 5 asubuhi kila jimu ni tupu na nzuri. Tazama waya za mashine karibu na puli, kama nyuzi zimechomoza usiguse. Lipia kwa siku wiki nzima kabla ya kulipia mwezi.

Mama_Forest
Asanteni sana, mashine nimeifuta. Kidato na vinyoya nimeelewa. Na vyuma? Daktari alisema siku mbili za nguvu pia, lakini bei za dukani zinatisha.

SaninjaVyuma
Tengeneza za zege. Kwa kila chuma, makopo mawili ya rangi ya lita moja na bomba la chuma la robo tatu ya inchi, urefu sentimita 35. Unene wake kwa nje ni karibu milimita 27, unakaa vizuri mkononi. Toboa kila ncha, pitisha misumari miwili ya inchi 3 kwa msalaba. Wasiofanya hivyo bomba linazunguka ndani ya zege na siku moja linachomoka. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, maji kiasi cha kulowesha tu. Ukifanya uji, litapasuka. Jaza kopo la kwanza, simamisha bomba wima, gongagonga kopo mapovu yatoke, acha siku mbili. Geuza, jaza la pili, huku lile la kwanza ukilining'iniza juu kwa kamba bomba lisilale. Kisha mwagia maji siku saba.

Lita moja ya zege ni kama kilo 2.4, kwa hiyo chuma kizima kinakuja kilo 5 na ushee. Kapime kwenye mizani ya duka la nafaka, viwili visipishane zaidi ya nusu kilo. Mshikio ufunge kwa tyubu ya baiskeli.

PumziNdefu
Na ukinyanyua usibane pumzi. Toa hewa wakati wa kuinua, vuta wakati wa kushusha. Kubana pumzi kunarusha presha juu hapohapo hata kwa uzito mdogo. Seti 2 za mara 12 zinakutosha mwezi wa kwanza, na ziwe siku zisizofuatana.

Mama_Forest
Saruji iliyobaki kwenye ukarabati wa miezi sita iliyopita inafaa?

SaninjaVyuma
Ipekeche kwa vidole. Mabonge yakivunjika yakawa unga, tumia. Yakigoma, hiyo imeshakula unyevu wa masika, nunua kilo chache mpya.