Niliomba diski ya RAID isiyo SMR, nikauziwa SMR, na duka linasema "ni nzima"

Wakuu, nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijapungua, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Mimi ni fundi wa kituo kidogo cha redio hapa Tanga. Maktaba yetu ya sauti ipo kwenye seva ya Linux niliyoiunda mwenyewe, diski nne za TB 4 chini ya ZFS (mfumo wa kupanga faili), kwa mtindo wa RAIDZ1, yaani RAID: diski kadhaa zinafanya kazi kama moja, na moja ikifa kazi inaendelea. Humo mna vipindi vya miaka kumi na moja. Mna wazee wa Pangani na Muheza walioongea nasi wakiwa hai. Bekapu ipo ya nusu tu, kwa sababu kila nikiomba bajeti naulizwa "si ulisema hiyo RAID inalinda?" RAID inavumilia diski kufa, basi. Bekapu ni kitu kingine, na nimeshalieleza hili hadi sauti imekauka.

Diski moja ikafa. Ilikuwa ya mezani, ya zamani, sikushangaa. Nikapiga simu duka moja la kompyuta Dar, nikataja ninachotaka: diski ya NAS (ya boksi la kuhifadhi data kwenye mtandao), inakwenda kwenye RAID, na isiwe SMR (aina ya uandishi wa data, nitaieleza chini). Zile herufi tatu nilizitamka moja moja. Kijana akanijibu, "Kaka, hizi ndizo wanazochukua watu wote wa seva." Shilingi laki tatu na themanini pamoja na usafiri wa basi. Ikafika na stika ya duka juu ya mfuko: NAS.

Nikaifunga usiku, nikaanza kuijengea upya data ya ile iliyokufa. Saa ya kwanza mwendo ulikuwa mzuri. Asubuhi amri ya ZFS ya zpool status ikaniambia zimebaki siku nane. Nikadhani waya. Nikabadili waya. Nikadhani pawa saplai. Nikabadili nayo. Ndipo nikachukua namba ya modeli iliyo kwenye lebo, nikaitafuta kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, na ukurasa wa pili umeandikwa wazi: SMR.

Kwa asiyejua kwa nini hili ni kosa kubwa: kwenye diski ya SMR mistari ya data imelaliana kama makuti kwenye paa. Kubadili kuti la chini lazima uinue yaliyo juu yake, kisha uyarudishe yote mahali pake. Ili mtumiaji asione uzito huo, diski ina eneo la akiba ambalo data mpya inatua kwanza, halafu diski inaipanga yenyewe ikipata nafasi ya kupumzika. Kwa mtu anayehifadhi picha za familia haina shida. Kwa ZFS inayojenga upya, inayoandika huku na huku saa ishirini na nne bila kuachia, eneo la akiba linajaa na diski inaanza kuhema. Tangu 2020 vipimo vya wazi vipo. Tovuti ya ServeTheHome ilijaribu diski ya TB 4 ya namna hii kwenye RAIDZ, ikachukua karibu saa 230, wakati za CMR, zile ambazo mistari yake hailaliani, zilimaliza kwa saa zisizozidi ishirini.

Siku ya nne nilikuwa bado nabishana na duka kwa simu pale diski nyingine ya zamani ilipokutana na sekta isiyosomeka. Ukaguzi wa mwezi ulikuwa umepita wiki iliyotangulia bila kosa hata moja, kwa hiyo huenda sekta ile iliharibika ndani ya siku hizo za kukamuliwa.

Hapa lawama nyingine, na hii ni ya watengenezaji. Diski ya mezani ikishindwa kusoma sekta haisemi. Inarudia, inarudia, inaweza kukaa dakika mbili ikijaribu, kwa sababu inaamini iko peke yake na hakuna mwenye nakala. Linux kwa kawaida inaisubiri sekunde 30 tu, kisha inaikatia mawasiliano na kuyaanza upya. Diski iliyokuwa hai inaonekana imekufa kwa ajili ya sekta moja! Diski za NAS na za seva zina mpangilio wa kukata tamaa mapema, kwa kawaida sekunde 7, zinasema nimeshindwa, na RAID inachota data kwa wenzake. Mpangilio huo ni wa fimwea tu, yaani programu ya ndani ya diski. Diski nyingi za mezani zilikuwa nao zamani, wakauondoa ili tulipie daraja la juu. Zangu za zamani ukiziuliza kwa programu ya smartctl, amri smartctl -l scterc, zinajibu kwamba hazijui kitu hicho.

Basi diski ya pili ikaanguka kabla ile mpya haijamaliza kujengwa, ZFS ikasimamisha kila kitu, na maktaba ikazimika saa mbili asubuhi kipindi kikiwa hewani. Mtangazaji alijaza dakika arobaini kwa mdomo wake.

Nilichofanya, kwa atakayefikwa na haya: nilizima, nikaitoa ile SMR, nikaazima diski ya CMR kwa rafiki yangu wa Korogwe, nikaongeza muda wa kusubiri wa kila diski ya zamani (echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout, na vivyo hivyo kwa zilizobaki), ndipo nikaanza upya. Saa kumi na tano, kazi imekwisha. Kwa wale ambao diski zao zinakubali, smartctl -l scterc,70,70 (yaani sekunde 7) ndiyo njia bora. Lakini iwekeni kwenye skripti ya kuwashia, kwa sababu diski nyingi zinasahau mpangilio huo kila umeme ukikatika, na sote tunajua unakatika mara ngapi.

ZFS inakutajia faili zilizoharibika kwa majina. Nililetewa orodha ya faili 37. Kwenye bekapu nikazikuta 29. Nane zimekwenda. Mojawapo ni saa nzima ya mzee aliyekata mkonge miaka ya 1950, alituelekeza hadi nyimbo walizoimba shambani. Mzee huyo tulimzika miaka miwili iliyopita.

Nikapanda basi hadi Dar na diski mkononi. Kijana akaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, akanakili filamu moja, ikaenda kwa kasi nzuri, akanigeuzia skrini: "Si unaona kaka, inasoma, inaandika, ni nzima. Nzima haturudishi." Filamu moja! Filamu moja inaingia yote kwenye eneo la akiba. Hata ungeletewa diski mbovu kuliko zote za aina hiyo, jaribio hilo ingelipita. Nikamwonyesha karatasi ya mtengenezaji. Akaniambia hayo ni mambo ya mtandaoni. Meneja akatoka, hakuniamkia wala kuketi, akasema stika ya NAS wanaibandika "kulingana na matumizi ya wateja".

Wala duka halikubuni hili. Aprili 2020 ndipo ilipojulikana kwamba watengenezaji wa diski Western Digital (WD) walikuwa wakiuza WD Red za TB 2 hadi 6, zilizotangazwa kuwa za NAS, zikiwa SMR ndani bila kuwaambia wanunuzi. Kwenye ZFS zikawa zinatupwa nje ya kundi, watu wakilaumu waya zao kama nilivyolaumu wangu. Baada ya kelele wakatoa orodha, wakaanzisha jina la Red Plus kwa zile za CMR, na 2021 wakakubali kumaliza kesi Marekani kwa dola milioni 2.7. Hadi leo neno hilo halijaandikwa kwenye lebo ya diski nyingi. Utalitafuta kwenye karatasi ya maelezo.

Na mnaokuja kuniambia "ungenunua za seva tu yaishe", someni kwanza. Backblaze, kampuni ya kuhifadhi data za watu, walilinganisha 2013: diski zao za kawaida zilikufa kwa asilimia 4.2 kwa mwaka, za daraja la juu asilimia 4.6. Bei ya juu haikuwanunulia uhai. Inachokununulia ni waranti ya miaka mitano badala ya miwili, uvumilivu wa mtikisiko diski zikiwa nyingi kwenye boksi moja, na ile tabia ya kusema mapema imeshindwa. Kwa boksi la diski nne kwenye chumba chetu kisicho na kiyoyozi, ya NAS iliyo CMR inatosha kabisa, na haichemki kama zile za mizunguko 7200 kwa dakika. Tena hizo za seva zinazouzwa bei ya chini zichunguzeni. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani zilikamatwa Seagate Exos zilizouzwa kama mpya, saa za kazi zimefutwa kwenye SMART (rekodi ya afya ya diski), huku kumbukumbu nyingine ya Seagate iitwayo FARM ikionyesha maelfu ya saa. Toleo la 7.4 la smartctl linaisoma: smartctl -l farm. Ifanyeni hapohapo kaunta, kabla ya kutoa hela.

Risiti ninayo, stika ninayo, na ujumbe wa WhatsApp nilioandika "isiwe SMR" ninao, umejibiwa "sawa kaka". Nimeshaandika barua ya malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC. Jumatatu narudi dukani na laptop yangu, nitaiandikia diski hiyo mfululizo mbele ya meneja hadi aone mwendo ukianguka. Aliyenunua diski yenye stika ya namna hiyo katikati ya jiji la Dar mwaka huu, naomba anitumie namba ya modeli tu, inbox, kabla ya Jumatatu.